Naomba ushauri: nilale wapi Gombe na familia isiyowahi kukanyaga hifadhini?

Baba Shukuru (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, hasa wenyeji wa huku mwisho wa reli na wale waliowahi kulala hifadhini kwa hela zao wenyewe, sio za semina.

Mwezi wa sita shule zikifungwa nataka kuipeleka familia Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Hatujawahi kuingia hifadhi yoyote. Mnyamapori mkubwa kuliko wote niliyemwona kwa macho yangu ni fisi, na yeye alikuwa anakimbia. Nimetenga milioni moja na laki nne kwa siku tatu, usiku mbili, na kichwa kinaniuma kwenye malazi. Kuna nyumba ya wageni ya hifadhi yenyewe, kuna kambi ya mahema ambayo kwenye picha vyandarua vyake vimefungwa kama mapambo ya ukumbi wa harusi, na kuna wanaoniambia nilale Kigoma mjini niende na kurudi siku hiyohiyo. Jirani yangu naye kasema Gombe ni kwa wasiojua, mwenye akili anakwenda Mahale, hifadhi nyingine ya sokwe.

Usafiri si tatizo, gari lipo. Shida ni malazi. Mke wangu anataka choo cha ndani. Naomba msinikatishe tamaa maana mambo mengine yameshaanza kwenda.

Binti_Ujiji
Nimekaa siti ya mbele, kahawa mkononi.

Mzee wa Kibirizi
Karibu sana kijana. Nyumba ya wageni ya hifadhi iko Kasekela, ufukweni kabisa, unatoka chumbani unakanyaga mchanga. Vyumba ni vya kawaida, havina la kujivunia mtandaoni, lakini kwa Mtanzania mwenye hela ya kuhesabu hapo ndipo mahali pake. Wafuatiliaji wa sokwe wanaingia msituni alfajiri kuangalia kundi limelala bonde gani, na wewe unakuwa umeshaamka hapo hapo chini ya mlima. Ukilala mjini, mpaka boti ifike jua limeshapanda, sokwe wamehama, na unaanza kupanda mlima tumbo limejaa chapati.

Hiyo kambi ya mahema ni nzuri, sina ubaya nayo. Bei yake imepangwa kwa dola na kwa watu wanaokuja na ndege ya kukodi. Milioni yako na laki nne itaisha kabla hujafungua begi. Mahale ni hivyohivyo, tena pako mbali, zaidi ya kilomita 100 kusini kwa njia ya ziwa. Zamani meli ya Liemba ilipokuwa inatembea mtu alishuka Lagosa usiku wa manane akachukuliwa na mtumbwi. Siku hizi ni boti ya kukodi, na mafuta ya boti nadhani unayajua.

Chakula nunua sokoni, beba, mtapika. Ila mlango wa chumba usiachwe wazi hata kwa kwenda kunawa uso. Nyani wa pale wana adabu mbaya kuliko sokwe. Wanaingia, wanachagua, mkate wanaondoka nao.

Kaliua Junction
Nani kakuambia uanze na Gombe? Safari ya kwanza ya wanyama mtu anatakiwa aone WANYAMA, wengi, wakubwa, akiwa amekaa. Gombe haifiki hata kilomita za mraba 60, unapanda milima kwa saa nne ukimtafuta sokwe mmoja aliyekupa mgongo. Njoo hifadhi ya Katavi. Kilomita za mraba 4,471, viboko wamebanana kwenye matope ya mto Katuma mpaka hujui kichwa cha huyu na mgongo wa yule. Nyati makundi makundi, tembo, mamba wamejichimbia kwenye kingo. Wageni wachache, hakuna foleni ya magari kama kule kaskazini.

Malazi: kijiji cha Sitalike, kilomita 40 hivi kutoka Mpanda, kuna mabanda ya bei ya mwananchi na viboko wako mtoni hapo hapo kijijini. Ukija kwa treni ya Tabora kwenda Mpanda unapita kwetu Kaliua, nitakutolea asali dirishani.

Kitu kimoja tu: mbung'o. Usivae bluu wala nyeusi. Hata mitego ya mbung'o inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo kwa sababu ndizo zinazowavuta. Mimi nilikwenda na jezi ya bluu ya timu ambayo sitaitaja, nilirudi mgongo una ramani.

Mama Nuru
Baba Shukuru, kabla watu hawajakupangia hoteli, mnakwenda akina nani? Watu wangapi na umri wao?

Baba Shukuru
Ahsanteni sana. Mzee wa Kibirizi umenifungua macho. Hapo Kasekela maji ya moto yapo? Na umeme wa kuchaji simu? Mama Nuru, ni familia ya kawaida tu, watu watano.

Kaliua Junction, Katavi nitaifikiria mwaka mwingine. Mwaka huu ni sokwe, hilo halibadiliki.

Msema Kweli
Mimi nitaonekana mbaya lakini nitasema. Milioni moja na laki nne ni mifuko mingapi ya saruji? Mtu ana kiwanja kina majani, anakwenda kulipia kuangalia nyani. Babu zetu walikuwa wanawafukuza hao kwenye mahindi. Mzungu anakuja kwa sababu kwao wameisha. Wewe umekosa nini?

Binti_Ujiji
Msema Kweli umejuaje kama hana nyumba?

Msema Kweli
Mwenye nyumba haulizi choo cha ndani.

Mvuvi Mstaafu
Mmenikumbusha mbali. Mimi nimekulia Mwamgongo, kijiji cha kaskazini tu mwa Gombe. Tulikuwa tunavua dagaa usiku wa giza, mbele ya huo msitu, taa zimejipanga ziwani, na ukisogea karibu na nchi kavu alfajiri unawasikia sokwe wanaanza kelele zao juu kule, mmoja akianza bonde zima linaitikia. Hatukulipa kiingilio. Siku za mbalamwezi dagaa hawaji kwenye taa, basi tunashona nyavu na wazee wanapiga hadithi.

Yule mtafiti wa sokwe, Mama Jane Goodall, alifika Gombe mwaka 1960 akiwa na mama yake mzazi, maana serikali ya Mwingereza ilikataa binti akae porini peke yake. Watu waliulizana sana alikuja kutafuta nini. Miaka ya 70 wale sokwe wenyewe waligawanyika, kundi la Kasakela na kundi la Kahama, wakapigana kuanzia 1974 hadi 1978 mpaka upande mmoja ukaisha. Na katikati ya hayo, 1975, watu wenye silaha walivuka usiku kutoka ng'ambo wakateka wanafunzi wanne wa utafiti. Waliachiwa baadaye. Vijiji vyote vya ufukweni vilikaa na hofu, baba yangu alizima taa ya mtumbwi akarudi bila hata dagaa mmoja, mama akamgombeza.

Hoteli siijui. Mimi nilikuwa nalala mchangani.

Mama Nuru
Shikamoo mzee, hadithi nzuri. Lakini Baba Shukuru hajajibu. Watu watano ni akina nani? Naulizia kwa sababu, sio umbea. Mimi nilimpeleka mdogo wangu na ile milima si ya mchezo. Ni kushika mizizi na kuteleza.

Baba Shukuru
Haya. Ni mimi, mke wangu, mama mkwe (ana miaka 68 ila ana nguvu, analima mwenyewe), Shukuru ambaye yuko kidato cha tatu, na mdogo wake.

Mama Nuru
Mdogo wake ana miaka mingapi?

Baba Shukuru
Yuko shule ya msingi.

Mama Nuru
Kaka yangu, nimeuliza miaka.

Baba Shukuru
Tisa.

Lakini naomba mnielewe kabla hamjaanza. Huyu mtoto ndiye mwenye safari. Yuko kwenye klabu ya Roots & Shoots shuleni kwao, anazijua familia za sokwe wa Gombe kuliko anavyojua shangazi zake. Flo, Fifi, David Greybeard, ukimwuliza nani alimzaa nani anakujibu bila kuhema. Oktoba 2025 redio ilipotangaza kwamba Mama Jane amefariki, alikataa kula. Niliahidi akiingia tatu bora nitampeleka. Kaingia. Sasa nimwambie nini? Na ni mrefu, amemzidi kaka yake wa binamu mwenye miaka kumi na mbili. Ukimwona huwezi kusema ana tisa.

Daktari wa Ng'ombe
Sasa ndiyo tumefika. Baba Shukuru, ungesema hili kwenye mstari wa kwanza tusingezungumzia vyandarua.

Mtoto wa miaka tisa haruhusiwi kwenda kwa sokwe. Gombe ni kuanzia miaka 15, Mahale kuanzia 12. Urefu hauhusiki. Shukuru kama ametimiza kumi na tano ataingia, mdogo wake atabaki ufukweni na mtu mzima mmoja.

Na sababu si ukiritimba. Ya kwanza ni magonjwa. Sokwe anaambukizwa na sisi karibu kila kitu. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwaingia sokwe wa Gombe, wengine walikufa, wengine wakabaki wanaburuta mikono. Mafua ambayo kwa mwanao ni kamasi za siku tatu, kwao ni msiba. Ndiyo maana kuna barakoa, ndiyo maana mnakaa umbali wa mita 10, mnaangalia kwa saa moja tu na mnaondoka, na mwenye kikohozi anabaki chini hata kama ameshalipa. Watoto wa shule ya msingi nao mnawajua, hawakauki mafua.

Ya pili sipendi kuiandika lakini ni kweli. Sokwe ni mwindaji. Anawinda mbega wekundu, anawala. Mwaka 2002 dume mmoja wa Gombe, Frodo, alimnyakua mtoto mdogo kutoka kwa ndugu aliyekuwa amembeba wakipita ndani ya hifadhi, akamuua. Kwa hiyo usimwambie mtu mwanao ni mrefu.

Binti_Ujiji
Kahawa imepoa.

Baba Shukuru
Daktari nashukuru kwa elimu. Hilo la 2002 sikulijua, na mke wangu asilione hapa. Lakini wa kwangu si mchanga, ni mtoto anayejielewa, nikimwambia kaa anakaa. Halafu kuna mtu wa shughuli hizi amenihakikishia kwamba kwa Watanzania wanalegeza, ukifika unaongea nao vizuri, mtoto anapita. Tena kifua chake siku hizi kimetulia.

Mama Nuru
Kifua?

Mzee wa Kibirizi
Mtu gani huyo wa shughuli hizi?

Baba Shukuru
Ni wakala. Nimeshampa laki sita za kushikilia nafasi, ndiyo maana nilisema mambo yameshaanza kwenda. Alinipa bei ya watu wote watano, malazi, chakula, sokwe na picha. Jamaa ni mstaarabu, hana maneno mengi. Naomba tusihukumu mtu tusiyemjua. Mimi swali langu lilikuwa nichague nyumba ya hifadhi au mahema, maana kaniambia nichague mwenyewe kwa bei ileile, na mama mkwe kwa vyovyote hatasumbuka kutembea kwa sababu gari litatushusha getini kabisa.

Nguchiro
SIMAMENI HAPO HAPO.

"Gari litatushusha getini." Geti gani la Gombe? Wakuu nyinyi mmekaa mnashauri toka jana, hamjaona? Gombe hakuna barabara. Haijawahi kuwepo. Upande mmoja ziwa, upande mwingine milima. Kila aliyezaliwa Kigoma anajua, hata mlevi wa Mwanga ukimwamsha usiku atakuambia ni boti. Huyu mtu si wa huku na hiyo familia haipo. Hii ni chai, tena ya maziwa. Mtoto anakataa kula kwa sababu ya Mama Jane, mama mkwe analima mwenyewe, kila kitu kimepangwa ili mlie. Kesho atakuja na namba ya kuchangia safari ya mtoto.

Kibondo Yetu
Hahahaha vitafunwa viko wapi?

Msema Kweli
Nilijua. Mtu wa kweli angenunua saruji.

Kaliua Junction
Nguchiro na mimi nilistuka kwenye "choo cha ndani". Wakala wa hoteli huwa wanaanza hivyo hivyo, wanajifanya wateja, mwisho wanaweka jina la kambi. Kuna uzi mmoja wa Mikumi ulikwenda kurasa nyingi kumbe mwanzisha uzi ndiye mwenye hoteli.

Kibondo Yetu
Ule wa mke aliyepotea Mikumi? Nao ulikuwa tangazo?

Kaliua Junction
Mke alionekana ukurasa wa mwisho, bwawani, bei ya chumba pembeni.

Binti_Ujiji
Jamani mimi nililia kwenye uzi ule.

Mvuvi Mstaafu
Gari kwenda Gombe? Hata ng'ombe wa kijiji walikuja kwa mtumbwi.

Daktari wa Ng'ombe
Naomba mwanzisha uzi ajibu mwenyewe. Mimi nimeandika maelezo marefu nikiamini kuna mtoto.

Baba Shukuru
Nimesoma. Nimejisikia vibaya sana, sitaficha.

Sijasema mahali popote kwamba nimezaliwa Kigoma. Mimi mtu wa Urambo, Tabora. Nimehamishiwa Kasulu mwezi wa pili mwaka huu kikazi, na kutoka Kasulu mpaka ziwani si kuvuka barabara. Nguchiro, wewe ungehamishiwa Urambo ungejua njia ya kwenda Ugalla? Habari za gari na geti si zangu, ni maelezo ya wakala. Nayanukuu kutoka kwenye meseji yake: "Gari ndogo inafika vizuri mpaka getini, parking ipo ya kutosha, kuna mlinzi." Sasa mimi ningejuaje?

Nguchiro
Weka risiti. Funika majina.

Baba Shukuru
[picha]

Kibondo Yetu
Mkuu, muhuri wa risiti yako unasema "vifaa vya ujenzi, mabati na rangi".

Msema Kweli
Kumbe saruji ilikuwepo!

Binti_Ujiji
Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Samahani Baba Shukuru.

Baba Shukuru
Alisema ofisi yao wanashirikiana na ndugu yake mwenye duka. Ana kofia ina picha ya sokwe. Ana vipeperushi. Nilimkuta stendi akiwa anaongea na Wazungu wawili kwa Kiingereza kilichonyooka. Mtu hawezi kuwa tapeli na Wazungu wanamwamini.

Mzee wa Kibirizi
Mwanangu, sikiliza. Huenda huyo bwana ni mzembe tu, mimi sijui. Lakini mtu anayepeleka watu Gombe halafu anasema kuna maegesho, huyo hajawahi kufika Gombe. Hilo moja linatosha.

Hifadhi za taifa hazipokei hela mkononi. Kiingilio, chumba cha nyumba ya wageni, mwongozaji, vyote unapewa namba ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu, jina la mpokeaji linatokea kabla hujathibitisha. Na Mtanzania analipa kwa shilingi, kiwango chake, si kile cha mgeni wa nje. Mwambie akutumie hiyo namba ya malipo leo. Asipoweza mpaka kesho jioni, usimpe hata mia nyingine. Ofisi ya hifadhi ipo hapa mjini, shuka na gari la asubuhi, nitakupokea mimi nikupeleke. Nguchiro na wewe uje, uone kama mtu ni chai.

Nguchiro
Nitakuja. Kama ni kweli nitamnunulia mtoto migebuka. Lakini bado sijaamini kuhusu kukataa kula.

Mama Nuru
Kukataa kula naamini. Wangu alikataa kula siku kuku aliyempa jina alipochinjwa, na alikuwa hajaingia tatu bora wala kumi bora.

Baba Shukuru, hebu tuache wakala pembeni, tuzungumze mtoto. Ukienda Gombe kihalali mtakuwa mnapanda wawili au watatu, mwenye safari anabaki chini na bibi yake anarusha mawe ziwani. Ataona nyani, atasikia sauti za sokwe kwa mbali akiwa na bahati, basi. Wewe unaona itamtosha?

Baba Shukuru
Haitamtosha. Namjua.

Na kuna kitu kingine. Hela nyingi si yangu. Mama mkwe aliuza tumbaku, akasema mjukuu wake apelekwe kwa sokwe na yeye awemo, akione kitu kabla hajafa. Laki sita niliyotoa imo humo. Ndiyo maana nawasumbua na maswali ya choo cha ndani, choo ni cha kwake, magoti yake yakichuchumaa kunyanyuka ni kazi. Mnisamehe kwa kumsingizia mke wangu.

Daktari wa Ng'ombe
Basi hata mama mkwe mlima wa Gombe asingeuweza. Hapo watu wawili kati ya watano hawafiki kwa sokwe, na wa kumlinda mtoto ni bibi mwenye magoti. Huoni kama umechagua safari ya watu wengine?

Baba Shukuru
Analima daktari.

Daktari wa Ng'ombe
Kulima ni tambarare.

Kaliua Junction
Nilisema nini mimi mwanzoni? Katavi unakaa kwenye gari. Bibi anakaa, mtoto anakaa, hakuna aliyekatazwa kwa umri. Sokwe hamtawaona, sikudanganyi, ndani ya hifadhi ile mategemeo ni viboko, nyati, tembo, twiga, simba mkipata. Kutoka Kasulu unateremka Uvinza unashika barabara ya Mpanda, gari lako hilohilo. Ila kagari kadogo usikaingize hifadhini kwenyewe, kodi la juu pale Sitalike au Mpanda, linalokuja na dereva anayejua njia. Na kama mnaweza kusogeza, msiende Juni, nendeni Agosti au Septemba. Maji yanapokauka ndipo viboko wanalazimika kurundikana. Juni bado wametawanyika.

Kibondo Yetu
Agosti shule zimefunguliwa.

Kaliua Junction
Septemba kuna kalikizo kafupi.

Mama Nuru
Na Mahale mtoto akitimiza kumi na mbili. Mwambie ukweli hivyo, kwamba sokwe wana umri wao wa kupokea wageni. Anayezijua koo zote za Gombe bila shaka anajua na kanuni, pengine anazijua kuliko baba yake.

Mvuvi Mstaafu
Au mleteni tu Mwamgongo nimwonyeshe dagaa wanavyovuliwa. Bure.

Baba Shukuru
Wakuu nimerejea. Jana nilishuka Kigoma. Mzee wa Kibirizi alinipokea kweli, Mungu amzidishie, na Nguchiro alikuja, kumbe ni kijana mdogo tu mwenye maneno mengi. Ofisini wamethibitisha: mtoto haendi kwa sokwe, hakuna cha kuongea vizuri, na jina la yule wakala hawalijui. Nilimpigia kuomba namba ya malipo, akasema mtandao wa serikali uko chini nchi nzima, ila nikiongeza laki moja na nusu kwa ajili ya barabara atanisaidia. Nimeuliza barabara ipi. Akakata. Tumeandikisha polisi, yule mwenye duka la mabati amesema muhuri uliibwa.

Kaliua Junction, chumba cha Sitalike chenye choo cha kukalia kinapatikana? Mama mkwe bado sijamwambia kuhusu laki sita. Nimemwambia kwamba mwaka huu sokwe wamehamia juu sana, hawaonekani, serikali imeshauri watu waende kwa viboko kwanza.

Nguchiro
HII sasa ndiyo chai.

Binti_Ujiji
Mtoto je, amesemaje?

Baba Shukuru
Alijua. Alisema kwenye klabu waliambiwa zamani kwamba ni miaka 15, yeye alidhani mimi nimeshaomba ruhusa maalumu. Sasa ameanza kuniuliza viboko wa Katavi wana majina.

Kaliua Junction
Majina hawana, wako wengi mno. Vyoo vya kukalia vipo kwenye baadhi ya mabanda, piga uhakikishe kabla, usimwamini hata mimi. Msibebe kitu cha bluu. Na jioni bibi asikae karibu na ukingo wa mto, kiboko akitoka kula majani hana breki.

Msema Kweli
Bei ya banda moja kwa usiku ni ngapi? Naulizia rafiki yangu.